Bomba la Risasi

Hulda alipenda usafi. Kila asubuhi alifagia uwanja, akawasha moto, akafungua bomba la jikoni na kuchemsha maji ya kunywa. Mtaani kwao Njombe, nyumba zenye bomba ndani zilikuwa mbili tu. Yake ilijengwa zamani na mlowezi mmoja. Mumewe Anania, seremala wa shamba la miti ya miwati, alipewa nyumba hiyo mwaka 1952.

Mwaka uliofuata, binti yao Ema, mwenye miaka minne, alianza kuumwa tumbo. Hakucheza. Hakutaka kula. Alikaa siku nyingi bila kupata choo, na uso wake ulipauka. Hulda alimpa dawa ya minyoo. Haikusaidia. Akaanza kuchemsha maji mara mbili. Ema akazidi kudhoofu.

"Tumpeleke hospitali ya Ilembula," alisema Anania.

Hospitalini daktari alimfungua Ema mdomo. Kwenye ufizi kulikuwa na mstari mwembamba, mweusi kidogo.

"Mtoto ana sumu ya risasi mwilini," alisema.

"Risasi ya bunduki?" Hulda aliuliza.

"Ni madini yale yale. Anayala au anayanywa nyumbani kwenu. Tutamtibu. Lakini msipojua yanatoka wapi, akirudi ataugua tena."

Ema akalazwa, bibi yake akabaki naye. Hulda na mumewe walirudi Njombe, wakaenda moja kwa moja kwa Kefa, bwana afya wa mji.

Kesho yake Kefa alifika. "Kamwene," alisalimu, akaingia jikoni. Alitazama sufuria. Alitazama rangi ya milango. Kisha akainama chini ya bomba, akatoa kisu na kulikwaruza. Kisu kiliingia kwa urahisi. Mahali palipokwaruzwa paling'aa kama fedha.

"Chuma hakikwaruziki hivi," alisema. "Bomba hili ni la risasi. Maji yakilala ndani usiku kucha, risasi inaingia majini kidogo kidogo. Huwezi kuiona, wala haina ladha. Watoto ndio inaowadhuru zaidi."

"Lakini mimi nachemsha, Bwana Kefa. Sijawahi kumpa maji mabichi."

"Unafanya vizuri, mama. Kuchemsha kunaua vijidudu. Risasi si kijidudu, haifi. Maji yanapungua kwenye sufuria, risasi inabaki pale pale."

Hulda aliketi juu ya kigoda. "Nilichemsha mara mbili," alisema polepole. "Kwa hiyo nilimzidishia."

"Hukujua. Hata sisi wa afya tulipita hapa, hatukuangalia."

Siku ile ile Hulda alianza kuteka maji kwenye chemchemi ya bondeni, ambayo Kefa aliikagua. Aliendelea kuyachemsha. Anania naye alimwendea msimamizi wa shamba kuomba mabomba ya chuma.

"Watu wamekunywa maji hayo miaka ishirini," msimamizi alisema. "Nani amekufa?"

"Mtoto wangu amelazwa Ilembula," Anania alijibu. "Barua ya daktari hii hapa. Na hii ni ya bwana afya."

Msimamizi alisoma zote mbili. Kisha akaandika kibali. Anania alichimba mtaro mwenyewe, akang'oa bomba la zamani lote, kutoka tangi hadi jikoni. Kefa alisimama pale mpaka kipande cha mwisho kikatoka. Mabomba ya chuma yalichelewa kufika, kwa hiyo Hulda akaendelea kuteka bondeni.

Ema alirudi baada ya wiki sita. Hakupona kwa siku moja. Lakini mwezi wa tatu tangu arudi alikuwa anamaliza ugali wake na kudai mboga zaidi. Mwezi wa tano alimkimbiza jogoo wa jirani mpaka akaanguka kwenye tope, akacheka. Hulda alimtazama kutoka mlangoni, hakumgombeza.

Jumapili moja, baada ya ibada, Kefa alimwomba Hulda awaeleze kina mama wengine. Alieleza yote, hata ile habari ya kuchemsha mara mbili. Lucia, aliyekaa katika ile nyumba ya pili yenye bomba, aliondoka bila kuaga.

Jioni Lucia alibisha hodi. Alikuwa ameshika kisu, na mwanawe mdogo yuko mgongoni.

"Bomba langu linang'aa," alisema.

Hulda hakupoteza muda. Alichukua ndoo mbili, akampa moja.

"Twende bondeni," alisema. "Kesho tutakwenda kwa Bwana Kefa."