Nafasi Baada ya Kistari

Apolonia alikuwa akilisugua kaburi la mumewe kwa brashi na maji ya ndoo, kama wajane wote pale makaburini Rakowice wiki ile ya kuelekea Sikukuu ya Watakatifu Wote. Jina lake mwenyewe lilikwisha kuchongwa chini ya jina la Ksawery, kama ilivyo desturi: Apolonia, 1951, kistari, kisha nafasi tupu ya kungojea mwaka wa kufa. Siku ile nafasi haikuwa tupu. Palikuwa na 2.

"Shemeji huyo ana haraka," alisema Zyta, mdogo wake, akicheka. "Hata chai hakuweza kuingoja ipoe."

Apolonia hakucheka. Tangu mazishi hakuwa amecheka wala kulia, na chakula kilikuwa kama karatasi mdomoni.

Kesho yake palikuwa na 20. Keshokutwa yake, 202. Mchonga mawe alizipapasa tarakimu, akaondoa mkono upesi.

"Mama, mimi sijagusa. Hizi zimechongwa kutoka ndani."

"Imebaki moja," Zyta alinong'ona. "Dada, imebaki moja tu!"

"Naona."

Zyta akamleta padri mchana uleule. Alipoyanyunyiza tu maji ya baraka, harufu ya tumbaku ya Ksawery ilipanda kati ya maua na mishumaa, na chini ya jiwe pakaanza kugongwa, ko, ko, ko, polepole, vilevile alivyokuwa akigonga kijiko kwenye glasi yake ya chai kila jioni kwa miaka arobaini, mpaka mkewe aitike na kuja.

"Anakuita, mama," padri alisema kwa sauti ya chini. "Mjibu. Mwambie huendi."

Apolonia alifungua mdomo. Alilitafuta neno, hakulipata.

Ko, ko.

"Mjibu, dada, nakuomba!" Zyta akalipiga jiwe kwa kiganja. "Haji, shemeji! Unanisikia mimi? Haji!"

Kimya. Tumbaku ikapotea. Baada ya kistari jiwe likawa laini tena. Zyta akamkumbatia dada yake, akalia kwa niaba ya wote wawili.

Asubuhi ya sikukuu Apolonia alitangulia na mishumaa. Chini ya jina lake palikuwa na mstari mpya: Zyta, 1954, kistari, 202.

"Dada!" Zyta aliita kutoka njiani, maua mkononi. "Umekula lakini?"

Ko, likasema jiwe.

Apolonia alichovya kitambaa kwenye ndoo, akazifuta vizuri herufi zile, ziwe safi kwa sikukuu.