Godoro la Kengele

Fundi Makochi alitengeneza viti vya watu kukaa, lakini yeye mwenyewe alikuwa hakai. Alikula akitembea. Alizungumza huku mkono mmoja ukitafuta nyundo. Mkewe alimwambia, "Mume wangu, hata ndege hutua." Fundi alicheka, huku mguu mmoja tayari uko nje.

Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao. Watu walimletea makochi yaliyochoka. Aliyachana kwa kisu, akatoa pamba na sponji kuukuu, akaipiga pamba kwa fimbo mpaka ifumuke. Vumbi lilipanda, likavuka pazia, likashuka chumba cha nyuma. Hakuna aliyelijali. "Vumbi la kazi ni riziki," Fundi alisema.

Chumba cha nyuma alilala binti yake wa miaka sita. Walimwita Kengele kwa sababu alikuwa hanyamazi. Alianza kusema kabla hajafumbua macho. Alilalia godoro ambalo hakuna mtoto mwingine mtaani aliyekuwa nalo. Baba yake alilishona kwa mkono wake, akalijaza pamba teule kutoka makochi ya hoteli. "Matajiri walikalia," alijigamba, "binti yangu analalia."

Ila Kengele alikuwa na kikohozi. Kilimjia usiku, kikamwacha asubuhi hoi. Kifua chake kililia kama filimbi. Hospitali walimpa pampu, yaani dawa ya kuvuta kwa mdomo, naye akapata nafuu. Wakirudi nyumbani, pampu ilipandishwa juu ya kabati. Hiyo ilikuwa amri ya shangazi yake, dada mkubwa wa Fundi, aliyeishi nyumba ya pili.

"Pampu zinazoeleka," Shangazi alisema. "Akizianza leo, ataolewa nazo."

Jambo moja lilimnyima Fundi usingizi. Kila Kengele alipokwenda kwa bibi yake likizo, alipona. Akirudi, kikohozi kilimpokea mlangoni. Majirani walinong'ona. Shangazi hakunong'ona.

"Ndugu yangu, jichunguze. Mbona mtoto akiwa mbali na wewe anapona?"

Fundi alichukua fimbo, akalipiga kochi kama mtu anayemkomoa adui.

Siku moja mchana Kengele alirudi kutoka shule, akamkuta baba yake kazini, vumbi limejaa chumba. Akasimama kando yake.

"Baba." Akavuta pumzi. "Mwalimu." Akavuta tena. "Kasema."

"Kasema nini? Leo kengele imepata kutu?" Fundi alitania bila kugeuka.

Kimya. Akageuka. Mabega ya mtoto yalikuwa yanapanda na kushuka. Kila alipovuta pumzi, ngozi kati ya mbavu ilidumbukia ndani. Midomo ilikuwa imepauka. Fimbo ilimtoka Fundi mkononi. Alimbeba mtoto, akatoka mbio pekupeku, mkewe nyuma yake.

Hospitali walimpa Kengele hewa ya oksijeni na dawa ya kufungua kifua. Alipotulia, alikuja daktari bingwa wa mapafu ya watoto, mama mtu mzima mwenye raba miguuni. Alivuta kiti, akakaa. Fundi alizunguka kitanda.

"Mtoto ana pumu," daktari alisema. "Njia zake za hewa ni nyepesi kukasirika. Zikiguswa na vumbi, moshi, baridi au mafua, zinavimba na kubana. Akilala kwingine huwaje?"

"Huwa mzima." Fundi alishusha sauti. "Daktari, watu wanasema ni mimi."

"Watu hao wameushika ukweli kwa mkia. Unafanya kazi gani?"

"Fundi makochi. Karakana iko nyumbani."

Daktari alipitisha kidole begani kwa shati la Fundi, akakitazama. "Kesho kutwa nakuja kwenu."

"Kwetu? Kwani mgonjwa si yuko hapa?"

"Mgonjwa yuko hapa. Ugonjwa uko kwenu."

Damu ilimchemka Fundi. "Mimi si mtu mchafu, mama."

"Sijasema mchafu. Nimesomea mapafu, baba, na nimeyatibu tangu ujana wangu. Lakini mapafu ya mtoto hayaishi hospitali. Yanaishi jikoni penye moshi. Yanaishi shuleni. Kuna shule ilikuwa jirani na jalala linalochomwa kila siku. Kumtibu mtoto na kumrudisha kwenye moshi ule ni kutwanga maji kwenye kinu. Niliwasumbua wakubwa miaka, mpaka wakalihamisha. Ndiyo maana wananiita Daktari Vumbi. Wenzangu wanaitwa kwa vyeo, mimi kwa taka." Akacheka peke yake.

Siku aliyosema alifika kweli. Kengele alikuwa bado amelazwa, na mama yake alikuwa naye. Shangazi alikuja kusikiliza, ijapokuwa hakuitwa. Daktari aliingia moja kwa moja chumba cha nyuma. Jua lilikuwa linapenya dirishani. Alinyanyua mkono, akalipiga godoro kofi moja.

Vumbi liliinuka ndani ya mwanga, jingi, likielea taratibu kama moshi usio na moto. Shangazi alipiga chafya.

"Hilo nimelishona mimi," Fundi alisema.

"Naona. Mshono wake ni wa mtu anayempenda anayemshonea. Lakini pamba ya kochi la zamani ina vumbi la miaka. Ina wadudu wadogo ambao jicho haliwaoni. Kengele huvuta hivyo vyote usiku kucha, pua yake ikiwa juu ya godoro. Mchana anavuta vinavyotoka karakana."

Fundi alikwenda mlangoni, akarudi. Alikwenda dirishani, akarudi. "Kwa hiyo mwanangu nimemuumiza mimi. Kwa mikono hii."

"Hukujua. Leo umejua. Mikono ni hiyohiyo, tuipe kazi nyingine."

Fundi alilikunja godoro kwa hasira. "Nalichoma sasa hivi."

"Ukilichoma utakuwa umelitoa kitandani ukaliweka hewani," daktari alisema. "Lifunge, lipelekwe jalalani."

Hapo akamweleza la kufanya. Karakana itoke nyumbani. Godoro liwe jipya, lifunikwe pande zote kwa leza, ile ngozi ya bandia ya makochi, isiyopitisha vumbi. Sakafu ipanguswe kwa kitambaa kibichi, isifagiliwe ikiwa kavu. Jiko la mkaa na sigara visiingie ndani. Na Fundi akitoka kazini, aoge na kubadili nguo kabla ya kumgusa mtoto.

"Na pampu?" Shangazi aliuliza, akionyesha juu ya kabati. "Si atazoea?"

"Shangazi, umevaa miwani. Umeizoea?"

"Bila miwani hata sindano siioni."

"Basi miwani yako na pampu yake ni ndugu." Daktari alitoa pampu mbili mkobani. "Hii ya kahawia ni ya kinga. Anavuta kila siku, asubuhi na jioni, hata akiwa mzima, kisha anasukutua mdomo. Asiiache mpaka mimi niseme. Hii ya bluu ni ya kuokoa, kifua kikibana. Isipomsaidia, au akishindwa kumaliza sentensi kwa pumzi moja, au mbavu zikidumbukia, endeleeni kumpa huku mkimkimbiza hospitali. Msingoje kuche. Na msiiweke juu ya kabati. Kabati haliumwi pumu."

Kisha aliomba chupa tupu ya maji, ya plastiki. Fundi alitoboa kitako cha chupa kwa waya wa moto, tundu likautosha mdomo wa pampu sawasawa, hewa haina pa kutorokea. Daktari akaonyesha: tikisa pampu, ichomeke kitakoni, mtoto afumbate mdomo wa chupa, bonyeza mara moja, avute na kutoa pumzi polepole mara kadhaa. Kwa njia hiyo dawa hufika kifuani badala ya kubaki mdomoni.

"Tundu safi kuliko ninalotoboa mimi," daktari alisema. Kwa mara ya kwanza siku ile Fundi alitabasamu.

Juma hilohilo alihamishia karakana kwenye banda la wazi, kando ya fundi pikipiki. Alinunua godoro jipya la sponji, akalishonea mfuko wa leza wenye zipu, mshono juu ya mshono. Akifanya kazi alifunga kitambaa puani. Kwenye ubao wa banda aliandika kwa rangi nyekundu, herufi zimepinda kidogo:

*Vumbi libaki kazini,*
*Pumzi ibaki nyumbani.*

Sharti la kuoga ndilo lililomtesa. Kengele, aliyerudi nyumbani na maneno yake yote, alimkimbilia kila jioni, naye alilazimika kurudi nyuma. "Ngoja, mama. Baba bado ni kochi." Mtoto alisubiri nje ya bafu, akimsimulia habari kupitia mlango.

Baridi ikaingia. Kila mwaka majira hayo yalimkuta Kengele wodini. Fundi hakutulia. Alichungulia mbavu za mtoto, alisikiliza kifua, alitikisa pampu ya bluu kuhakikisha haijaisha. Shangazi naye alikuja kila asubuhi na swali lilelile mlangoni: "Amevuta ya kahawia?"

Jioni moja Fundi alitoka kuoga, akawa anazunguka sebuleni, katika kile chumba cha mbele kilichokuwa karakana. Kengele akamfuata.

"Baba, mwalimu kasema twiga ana shingo ndefu lakini mifupa ya shingo yake ni sawa na yangu, saba tu, halafu mimi nikamuuliza sasa twiga akikohoa kikohozi kinatoka lini, darasa zima likacheka, mwalimu naye akacheka mpaka chaki ikaanguka."

Yote kwa pumzi moja.

Fundi alisimama. Aliangalia midomo ya binti yake, akaangalia mabega yaliyotulia. Kisha akavuta kiti, kazi ya mikono yake mwenyewe, akakaa.

"Hebu rudia," alisema. "Anza kwenye shingo."