Mshale Ukianguka, Petroli Inakwenda

"Mpira huu ni wa kumwagilia sukuma wiki, si wa kunyonya petroli!" Jeconia alifoka, akiutikisa mbele ya uso wa Gathogo.

"Basi petroli inaenda wapi?" Gathogo akauliza. "Lori linalala hapa uani, karibu na mlango wako. Tajiri yangu amechoka. Mafuta yakipungua tena wiki hii, anampa dereva mwingine lori."

"Kwa hiyo mwizi ni mimi?"

"Sijasema."

"Umesema! Watu wote wamesikia!"

Na kweli, wapangaji wote wa ploti ile ya Ruiru walikuwa nje. Waliokuwa wakipika waliacha sufuria motoni. Wawili hawa walikuwa majirani waliopendana. Watoto wao walikula popote walipokuta chakula.

Ndung'u, fundi wa magari, alijipenyeza katikati. "Gathogo, petroli ilianza kupungua lini?"

"Tangu tajiri aweke ile geji mpya. Ati inaonyesha kama unaendesha bila kupoteza mafuta. Nami naitii sana! Nakanyaga mpaka mshale unalala chini kabisa."

"Chini? Kwa nini chini?"

"Si kama ule wa joto la maji? Mshale ukipanda, gari linaumia."

Ndung'u akashika kichwa. "Ngai! Washa lori twende."

Jeconia naye akapanda. Hangebaki nyuma wakati jina lake linasafishwa.

Walishika barabara ya Thika. Gathogo akakanyaga, mshale ukaanguka.

"Sikiliza injini inavyonguruma," Ndung'u alisema. "Geji hii inapima jinsi injini inavyovuta hewa. Ukikanyaga sana, mshale unashuka, na petroli nyingi inaingia. Legeza mguu. Unaona? Mshale umepanda. Hapo ndipo pazuri."

"Na mlimani?"

"Mlimani utashuka kidogo, hakuna ubaya. Na ukiona ng'ombe mbele, ondoa mguu mapema. Usikimbie halafu ufunge breki."

Waliporudi, Ndung'u alichukua rangi. Juu ya kioo cha geji alipaka kijani upande wa juu, na nyekundu upande wa chini. "Waliotengeneza waliweka namba tu," alisema. "Namba haisemi lipi zuri, lipi baya. Sasa geji inasema."

Wiki hiyo petroli ilitosha safari zote na ikabaki. Tajiri alimwachia Gathogo lori lake. Madereva wengine nao wakamfuata Ndung'u ili geji zao zipakwe rangi.

Lakini Jeconia hakumsalimu Gathogo. Jumamosi jioni Gathogo akasimama mlangoni pa jirani yake.

"Ndugu yangu, nilikukosea."

"Ulinikosea mbele ya watu," Jeconia akajibu. Hakuinuka.

Gathogo akageuka, akapaza sauti mpaka ploti ikanyamaza. "Jamani, Jeconia hakuiba kitu! Mwizi ni mguu wangu!"

Watu wakaangua kicheko. Jeconia alijaribu kununa, akashindwa.

Mkewe Selpha akatokea na maji ya kunawa. "Shemeji, ingia na huo mguu wako. Ugali unapoa."