Waya Mwekundu wa Redio ya Gari la Babu

Kila siku akitoka shule, Njiti alifungua geti, akapita dirishani kwa babu yake na kusema, "Shikamoo, babu."

"Marahaba. Chakula kipo jikoni."

Na mazungumzo ya siku yakawa yamekwisha.

Babu alikuwa fundi cherehani. Aliketi chumba cha mbele, futi imening'inia shingoni, akishona sare za shule kuanzia asubuhi hadi giza liingie. Tangu bibi afariki, cherehani ndiyo iliyokuwa msemaji wa nyumba. Babu mwenyewe alibana maneno kama mtu aliyesikia kwamba dukani yamepanda bei. Mama yake Njiti alifanya kazi mji mwingine, akija wakati wa likizo tu. Jina la Njiti alipewa na wenzake darasani kwa ajili ya wembamba wake, na kwa kuwa hakulikataa mapema, lilimkaa.

Alipomaliza kula na kuosha sahani yake moja, alikwenda uani kukaa ndani ya gari la babu. Lilikuwa gari la zamani, limemzidi umri mama yake, lenye taa za mviringo kama macho ya mtu aliyeamshwa ghafla. Babu alilifuta vumbi kila asubuhi, na Jumamosi alilitumia kupeleka sare mashuleni. Milango yake haikufungwa. Mwizi wa gari lile angelazimika kwanza kulibembeleza likubali kuwaka.

Likizo ilipokwisha, mama yake aliwaachia zawadi: redio ya gari, ndogo, nyeusi, na spika zake mbili. Babu akamwita fundi umeme wa magari, mwanamke mmoja mnene wa mwili na wa sauti, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Cheche.

"Magari ya siku hizi yana plagi yake nyuma ya redio, unachomeka tu kama pasi," alisema Mama Cheche, akiwa amejilaza chali chini ya dashibodi, miguu nje. "Hili la kwako, mzee, lilitengenezwa enzi ambazo dereva aliimba mwenyewe. Umeme tutautafuta. Njiti, nipe taa ya kupimia."

Taa ile ilikuwa kama kalamu yenye balbu ndogo tumboni. Mama Cheche alibana waya wake kwenye chuma cha gari, kisha akaigusisha ncha kwenye nyaya, mmoja baada ya mwingine. Balbu ikawaka.

"Ufunguo umetolewa, na bado huu una umeme. Umetoka kwenye betri moja kwa moja, huyu halali usingizi kamwe. Hapa nafunga waya wa njano wa redio, wa kukumbuka saa na stesheni. Huo hauli kitu. Sasa washa ufunguo, mzee."

Babu akageuza ufunguo. Waya mwingine ukawasha balbu. Alipouzima, nayo ikazimika.

"Huyu ndiye ninayemtaka. Anaamka na ufunguo, analala na ufunguo. Hapa nafunga mwekundu, maana mwekundu ndio mlafi."

"Na mwekundu ukifungwa kwa yule asiyelala?" aliuliza Njiti.

"Redio itaimba bila ufunguo, na betri italia. Usijaribu, mwanangu, nina pua, nitanusa."

Redio ikawaka. Mama Cheche akacheza kidogo palepale uani, na tumbo lake likacheza baada yake. Babu alicheka. Njiti alimgeukia kuhakikisha kwamba ni yeye. Siku hiyo Mama Cheche alikunywa chai vikombe viwili, na tangu hapo akawa anapitia jioni mojamoja, eti kuangalia nyaya zake. Nyaya hakuziangalia. Aliketi, akanywa chai, akawasema wateja wake, na nyumba ikapata uhai hadi alipoaga.

Lakini jioni nyingine zote zilikuwa kama zamani. Ufunguo wa gari ulikaa mfukoni mwa shati la babu, na bila ufunguo redio ilikuwa bubu kama wengine nyumbani. Njiti aliketi mbele yake, akabonyeza vitufe, akajiona kwenye kioo chake cheusi.

Ijumaa moja jioni alichukua koleo. Akaingia chini ya dashibodi, akaufungua waya mwekundu mahali pake, akausokota pamoja na wa njano kwa yule asiyelala, akauzungushia utepe. Redio ikawaka bila ufunguo. Mtangazaji alikuwa anasoma salamu: fulani anamsalimia shemeji yake, mwingine anawasalimia wote wanaomfahamu. Njiti akaitikia kila salamu, kwa sauti ya chini, kama ni zake.

Babu alipokohoa mlangoni, Njiti alipunguza sauti mpaka mwisho, akatoka mbio. Na hapo ndipo alipoteleza. Redio iliyonyamazishwa si redio iliyozimwa. Usiku kucha iliongea peke yake bila sauti, ikila betri kama mgeni asiyejua kuaga.

Jumamosi asubuhi babu aligeuza ufunguo. Gari likasema "tk", likanyamaza.

"Umegusa kitu humu?"

"Sijagusa, babu."

Jibu lilitoka haraka, kabla hajalifikiria. Mama Cheche akaja na betri nyingine na nyaya nene, akaliwasha gari, akasema labda betri imechoka. Njiti alikumbuka onyo la waya mlafi, akaapa moyoni kwamba ataizima redio vizuri. Siku kadhaa aliizima. Kisha jioni moja babu alimwita ghafla, na mkono ukafanya kama mara ya kwanza: ukapunguza sauti, haukuzima.

Jumamosi iliyofuata gari lilikufa tena. Babu alifika shuleni kwa miguu, mzigo wa sare kichwani, akakuta mwalimu mkuu amekwishafunga ofisi na kuondoka. Njia ya kurudi ilipita kwenye karakana ya Mama Cheche, na Njiti alikuwa nyuma yake amebeba kifurushi kidogo. Mbele ya wateja, babu aliyatoa maneno yote aliyoyabana miezi mingi, na yote yakamwangukia mtu asiyehusika.

"Gari langu lilikuwa zima mpaka ulipotia mikono yako. Umeniharibia, na mbele za watu umeniaibisha."

Mama Cheche alifuta mikono kwa kitambaa, taratibu.

"Mzee, nyaya zangu nazijua. Lakini kama umeona nimekuharibia, mtafute mwingine. Kwako sitakuja tena kukuudhi."

Kisha akamtazama Njiti. Njiti akatazama viatu.

Jioni ile alirudi chini ya dashibodi na kuurudisha waya mwekundu mahali pake. Alidhani atakuwa amemaliza. Babu alichajisha betri, na gari likawaka kila lilipotakiwa, bila kukohoa.

"Unaona?" alisema babu. "Tangu yule mama aache kulishika, gari limepona."

Njiti akakiweka kikombe chake cha chai mezani. Waya aliurekebisha vizuri kabisa, na kwa kuurekebisha akauthibitisha uongo.

Jioni zikarefuka. Hakuna aliyepita kuangalia nyaya. Njiti aliposalimia karakanani akitoka shule, aliitikiwa "Marahaba" na hakuna zaidi, kama ilivyokuwa nyumbani. Siku moja alimsikia mwenye teksi akimwambia mwenzake, "Usimpelekee yule. Si ndiye aliyeua gari la fundi cherehani?" Na wakaligeuza gari lao, huku Mama Cheche amesimama mlangoni na taa yake ya kupimia mkononi.

Njiti hakula siku hiyo. Alisimama mbele ya cherehani.

"Babu, simamisha kidogo."

Mguu wa babu ukasimama.

"Gari nililiua mimi. Niliuhamisha waya mwekundu ili redio iimbe bila ufunguo. Halafu niliurudisha kwa siri. Mama Cheche hakukosea."

Babu akamgeukia.

"Kwa nini usiniombe ufunguo?"

"Ungesema chakula kipo jikoni."

Babu alivua miwani, akaishikashika.

"Ulitaka muziki?"

"Hapana. Nilitaka kusikia watu wanaongea."

Babu akainuka, akaliacha shati la mteja likiwa na mkono mmoja tu. "Vaa viatu."

Walikwenda karakanani wakiongozana. Wateja walikuwepo, na yule mwenye teksi mmojawapo. Njiti alisema yote, hakuruka hata kipande. Alipomaliza, babu akasema, "Nami nilikufokea mbele ya watu bila kupeleleza. Nisamehe, dada yangu, mbele ya watu haohao."

Mama Cheche aliwatazama mmoja mmoja.

"Nilijua tangu siku uliyotazama viatu," alimwambia Njiti. "Viatu vyenyewe havikuwa vizuri kiasi hicho."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema mimi, yangekuwa mashtaka. Nilikuwa nakungoja wewe. Lakini mwanangu, ulinichelewesha. Kuna watu wamekwenda kwa mafundi wengine, na wengine hawatarudi."

Mwenye teksi akakohoa, akasema ana taa ya breki inayomsumbua.

Mama Cheche alikuja jioni ileile. Mara hii aliketi kwenye kiti na kumwachia Njiti taa ya kupimia. Njiti akaingia chini ya dashibodi, akaonyesha ni waya yupi asiyelala na yupi anayeamka na ufunguo, na waya mwekundu akaufunga upya, akaweka na fyuzi. Alipokosea aliambiwa, na alipopatia aliambiwa pia.

Mgeni alipoondoka, babu alitoa ufunguo mfukoni, akaketi kwenye usukani, akafungua mlango wa pili. Njiti akaingia. Redio ikaanza kuongea.

"Sikiliza, mjukuu wangu," alisema babu. "Waya uliukosea, na waya unarekebishika. Ulichovunja ni jina la mtu, nalo hatuna koleo lake. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, kabla mwingine hajaadhibiwa kwa ajili yako. Na ukiwa mpweke, sema pia. Si kosa hilo. Mimi nami nilikuwa mpweke, nikadhani ni siri yangu."

"Nimesikia, babu."

Mtangazaji alikuwa katikati ya jambo fulani. Babu akanyoosha mkono, akaizima redio.

"Haya, niambie," akasema. "Leo shuleni kulikuwaje?"