Zamu ya Nicanor

Haya hayakutokea mbali. Yalitokea ua uliopakana na wetu, Changamwe, upande wa reli, miaka ile vijana walipokuwa wamerudi kutoka vita vya Bama, yaani Burma, na bado wakishtuka usingizini wakitafuta buti. Mama yangu alikuwa akichota maji kisima kimoja na watu wa ua huo. Aliyoyaona kwa macho yake aliyasimulia kwa sauti ndogo. Aliyoambiwa na Kafedha mwenyewe aliyasimulia kwa sauti ndogo zaidi.

Kafedha alikuwa mke wa Lewa. Walikuwa na nyumba ya udongo na makuti, vyumba viwili, na ua uliofagiliwa hata ukaona aibu kutema mate. Lewa alibeba magunia bandarini, ila vitani kazi yake ilikuwa nyingine. Alikuwa mtu wa simu ya upepo, wale wanaogonga maneno kwa nukta na vistari. Alirudi na kigongeo cha shaba kisichozidi kiganja, akakifunga kwenye kibao, akakiunga kwa waya na betri kavu na kidude kinachonguruma kila ukigonga. Kidude hicho akakiita nyuki. Waya wenyewe haukwenda popote. Ulianzia mezani ukaishia mezani. Hakuna aliyeweza kumsikia ila waliokuwa nyumbani.

Basi kila Jumapili, wakishatoka kanisani na kula mbaazi na mahamri, Lewa aliingia chumba cha nyuma kuifukuza kasi. Wenzake walikwenda kunywa tembo la mnazi. Yeye starehe yake ilikuwa ile. Rafiki yake Dishon, mtu wa bara waliyekuwa naye kikosi kimoja, alikuja akakaa juu ya debe na kusoma kwa sauti maneno yanayogongwa. Alimtania kwamba anakwenda kama gari la mizigo linalopanda kilima cha Mazeras. Lewa alicheka, akagonga tena, kwa haraka zaidi.

Kafedha hakujua kusoma, lakini sikio alikuwa nalo. Kitu kimoja alikijua katika milio ile yote: jina lake. Lewa akitaka maji aliligonga mezani kwa kucha, na Kafedha, hata awe jikoni na moshi machoni, aliitika, "Abee," ndefu, tamu, hadi majirani wakasema ameolewa na kigong'ota.

Alijua na jambo jingine, maana Lewa alimweleza. Kila mgongaji ana mkono wake, kama vile kila mtu ana mwendo wake. Mkono wa Lewa ulikuwa mwepesi, wa kurukaruka. Na kulikuwa na mwenzao aliyeitwa Nicanor, aliyewashinda wote kwa kasi, ambaye kistari cha mwisho alikiburuta, mfano wa mtu anayevuta mguu mbovu. Nicanor alikufa Bama, ng'ambo ya mto, kigongeo kikiwa mkononi. Maneno yake yalikatika katikati. Mwili haukuonekana, ukingo wa mto ulimmeza na tope lake. Lewa alitaka kuifikia kasi ya Nicanor kabla hajazeeka. Hakutaka zaidi ya hapo.

"Shemeji," Dishon alimwambia Kafedha siku moja, "kwenye kasi ile mtu hahesabu tena. Mkono unasikia na mkono unajibu. Ukingoja kichwa umechelewa."

Ikaja Jumapili moja ya jua kali, saa ile jua limesimama utosini na wazee hawapendi watoto wapite njia panda. Lewa aligonga mpaka nyuki akaacha kutoa vishindo, akatoa sauti moja tu, kama kitambaa kinachochanwa. Dishon aliacha mzaha. Kafedha alikuja na bakuli la maji, akasimama mlangoni.

Lewa aliinua mikono yake yote miwili kufuta jasho usoni.

Nyuki hakunyamaza.

Kigongeo kilipanda na kushuka chenyewe. Haraka mno. Na kila kistari cha mwisho kiliburutwa.

Dishon, kwa mazoea tu, alikuwa bado anasoma. Midomo ilikwenda, macho yamemtoka. "Nani yuko hapo. Nimechoka. Nani anapokea zamu."

Mkono wa Lewa uliruka. Uligonga kifupi, ukarudi. Uso wake haukuwa umebadilika hata kidogo. Uso ulikuwa bado haujapata habari.

Nyuki akakoma. Maji yalikuwa yakimdondokea Kafedha miguuni.

Dishon aliondoka bila kofia yake. Kafedha alimfuata hadi kwenye ua wa makuti, akamshika mkono wa shati, akamuuliza mumewe amejibu nini. Dishon alitazama chini.

"Kwetu sisi, mtu wa simu haachi kiti mpaka mwenzake aseme, napokea. Akishasema, yule wa kwanza huenda zake, na huyu hana ruhusa ya kuondoka. Nicanor hakupokewa na mtu."

"Na Lewa?"

"Amesema, napokea."

Dishon hakuuvuka tena ule ua.

Tangu hapo, kila jua lilipofika utosini, mkono wa Lewa uliitwa. Hata akiwa bandarini, vidole vilianza kugonga juu ya magunia, na miguu ikamgeuza kuelekea nyumbani. Nyapara akamwambia apumzike mpaka hilo pepo limtoke. Halikumtoka. Alikaa chumba cha nyuma akigonga hadi magharibi, macho wazi, haambiliki. Akitoka hakukumbuka kitu. Lakini miguu yake ilikuwa na tope. Tope la manjano, rangi ya bizari, linalonuka mto. Sakafu ya chumba ilikuwa kavu.

Kafedha alilikosha, akanyamaza. Siku zilizofuata lilifika kwenye mashavu ya miguu, kisha magotini. Akaitoa ile betri akaifukia kwenye jivu la jiko. Nyuki akanguruma bila betri. Akaukata waya kwa kisu. Nyuki akanguruma bila waya. Mchungaji alikuja, akaomba, akatoka amelowa jasho, akasema atarudi.

Tope lilipofika kiunoni, Kafedha alijitupia leso akaenda kwa nyanya yake Nyamvula, aliyekuwa na shamba kule Jomvu Kuu.

Nyamvula alikuwa akipepeta mchele. Alimsikiliza hadi mwisho bila kuuacha ungo.

"Kafedha."

"Abee, nyanya."

"Wachawi wakimtaka mtu hufanyaje? Humchukua, wakatuachia mgomba kitandani umevaa sura yake. Tunaulilia, tunauosha, tunauzika, na mtu wetu yuko kwao analima. Sasa na wewe fanya kama wao. Waachie mgomba."

Akamweleza. Akate mgomba wa kimo cha mumewe, auvishe koti lake la jeshi, aukalishe naye benchi moja. Afunge dirisha na mlango, maana mabadilishano hayo hayataki macho. Zamu ikishapata mwingine wa kuishika, amvute mumewe mkono, amtoe, apige misumari mlangoni.

"Na chochote kitakachokuita humo ndani," Nyamvula alisema, "usikiitike. Mumeo aliponzwa na kuitika. Usiitike kwa mdomo, usiitike kwa mkono. Kinachokuita, kiache."

Mgomba ulifika Changamwe juu ya mkokoteni, umefunikwa mkeka. Njiani watu walimpa Kafedha pole, wakidhani anasafirisha mgonjwa. Naye akazipokea.

Siku ya pili, jua lilipokaribia utosi, Lewa alikuwa ameshakaa. Kafedha aliukalisha mgomba ubavuni mwake, koti limefungwa vifungo, mikono ya koti inaning'inia mitupu. Akafunga dirisha. Akafunga mlango. Giza likawa zito kama la ndani ya mtungi.

Nyuki akaanza.

Kafedha alisimama nyuma ya benchi, akisali moyoni. Mlio ulipanda kasi, ukawa ule wa kitambaa kinachochanwa. Kisha ukakatika. Chumba kikanuka mto. Akasikia maji yakivuta pumzi karibu na miguu yake.

Akanyoosha mkono wa kulia, akapapasa. Akaushika mkono. Ulikuwa wa baridi, umetulia.

Akashukuru Mungu. Akanyoosha wa kushoto ajishike ukingoni mwa benchi.

Akaushika mkono mwingine.

Mgomba alioukata hakuupa mikono. Alijua hivyo. Aliuvisha mwenyewe.

Hakupiga kelele. Alisimama hapo, mkono huku na mkono huku. Wa kulia ulikuwa kimya. Wa kushoto ulitetemeka. Halafu kidole kimoja cha ule wa kushoto kikaanza kugonga kwenye kiganja chake, polepole, kama mtu anayeokoteza nguvu.

Kiligonga jina lake.

Kinachokuita, kiache.

Abee ilimpanda hadi kooni. Akaimeza. Kidole kiligonga tena, jina lile lile, na safari hii kucha ilimkwaruza. Kafedha aliuchia mkono wa kushoto. Akauvuta wa kulia, akausukuma mlango kwa bega, akatokea kwenye mwanga na mumewe nyuma yake.

Alikuwa Lewa. Uso wa Lewa, kovu la Lewa juu ya nyusi. Miguu yake haikuwa na tope hata tone. Kafedha aliupigilia misumari mlango ule kwa jiwe, hakutazama ndani. Aliporudi uani, mumewe alikuwa ameketi juani, akaomba maji. Akanywa mtungi mzima.

Majirani walifurahi. Mama yangu alipeleka kuku. Nyuki akanyamaza siku hiyo, na siku nyingi baada yake.

Lewa alirudi kuwa mume mwema. Mwema hata zaidi. Hakukasirika. Hakucheka pia. Alipenda kukaa juani, na jua la Changamwe halikumtoa jasho. Vidole vyake vikawa vizito. Siku moja Kafedha, kwa kumjaribu tu, aligonga jina lake mwenyewe kwenye kinu, akamtazama. Lewa alimtazama pia, kwa upole, kama mtu anayetazama mvua. Usiku Kafedha alijilaza mbali kidogo, akajiambia baridi ile ni ya ugonjwa uliopita.

Masika yakaja. Nyamvula akafa, akazikwa kule kule Jomvu.

Mvua zilipokwisha, mchana mmoja, walikuwa wakimenya mihogo uani. Kisu kilimteleza Lewa, kikaingia kwenye kidole gumba. Kafedha aliwahi kwa ncha ya leso yake, akalifunga jeraha. Lewa hakusema kitu.

Alipolifungua hakukuta damu. Alikuta majimaji meupe, mepesi, yananata.

Alipoianua ile leso jioni, doa lilikuwa limegeuka kahawia. Akalifua kwa majivu. Akalifua kwa ndimu. Halikutoka. Mwanamke yeyote wa pwani analijua doa lile, ndiyo maana hatukati mgomba tukiwa na leso nzuri. Kafedha alikaa chini, nguo imelowa mapajani. Ndipo alipokubali alichokuwa akikijua. Aliyemtoa mle ndani hakuwa aliyemwoa.

Na kesho yake, jua lilipofika utosini, nyuki alinguruma nyuma ya mlango wa misumari.

Hakukuwa na kistari kilichoburutwa. Mkono ulikuwa mwepesi, wa kurukaruka, ila umechoka. Nao uligonga neno moja tu. Lile moja ambalo Kafedha alilijua.

Siku hiyo alikimbilia kwetu, na ndipo alipomweleza mama yangu yote. Mama alimwambia ang'oe ile misumari. Kafedha akamuuliza, "Je, kama ni Nicanor amejifunza mkono wa Lewa? Nyanya alisema nisiitike. Niliwahi kumwacha mmoja kwa kumtii. Nikikosea tena nitakuwa nimewaacha wote, wa ndani na wa juani."

Kwa hiyo kila mchana Kafedha alisimama mbele ya mlango ule, kiganja mdomoni. Alikonda. Ndani kule mkono ulizidi kuchoka. Jina lilikuwa likiishia katikati, kisha linaanza upya.

Mama alikuwa akianika nguo siku aliyomsikia. Jua lilikuwa utosini. Nyuki alianza jina, akaishia katikati, akakawia. Akakawia mno. Na ng'ambo ya ukuta, si kwa kelele, ila kwa sauti ya mke aliyeitwa kutoka jikoni na anafuta mikono aje, Kafedha akasema:

"Abee."

Nyuki akanyamaza.

Mama alipofika, uani hapakuwa na mtu ila Lewa, juani, uso juu. Alimwita, hakuitika. Alipomgusa bega alilala upande, mwepesi, mkavu, kama kitu kilichosahauliwa darini. Watu walizika walichokikuta.

Mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa umefungwa. Misumari yote mahali pake, na kutu yake, haijaguswa. Ila chini, pale ambapo hata kidole hakipiti, leso ya Kafedha ilikuwa imebanwa, nusu nje, nusu ndani. Mama aliivuta polepole. Wanaume waliuvunja mlango, wakakuta benchi na meza. Kigongeo hakikuwapo. Koti halikuwapo.

Leso ile mama aliirithi kwa kukosa wa kumpa, nami nikairithi kwake. Ncha iliyobaki nje ina doa la mgomba. Ncha iliyokuwa ndani ina tope la manjano. Nimeianika miaka yote hii, kiangazi kwa kiangazi, nguo nzima imekauka hadi inakatika nyuzi. Ile ncha ya tope, ukiishika, bado ni mbichi.