Chai Kwenye Jagi la Dawa

Mvua ya Kinyala ilinyesha tangu alfajiri, bila kuomba ruhusa kwa mtu. Bibi Tupokigwe alikuwa jikoni akimenya ndizi, lakini jicho halikubanduka kwa mjukuu wake, Lusungu. Mtoto huyo wa miaka miwili alikuwa akiharisha tangu juzi. Macho yake yalianza kuingia ndani. Alilia bila machozi. Bibi aliogopa sana, na moyoni alishampata wa kumlaumu.

Ni Sekela, mhudumu wa afya wa kijiji. Jana alileta pakiti za unga wa kumkorogea mtoto. Lusungu alikunywa, akazidi kuharisha.

"Binti mwenyewe katoka kijiji cha Suma juzi tu," bibi alijisemea. "Nani ajuaye katia nini mle?"

Sekela akapiga hodi. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Bibi siku hiyo hakuwasikia wahenga. Hata kiti hakumpa.

"Dawa yako inamharisha mtoto," alisema.

"Pole, bibi. Naomba nilione jagi ulilokorogea."

Sekela akachungulia. "Mbona ina rangi?"

"Nimeikoroga kwa chai. Mtoto mgonjwa nimpe maji matupu, mimi mchawi? Na sukari nilitia ya kutosha."

Sekela hakucheka.

"Bibi, ukuta wa utumbo una milango midogo sana, macho hayaioni. Sukari na chumvi huingia pamoja, zimeshikana mikono. Maji huzifuata, mwili ukayapata. Kwenye pakiti zimepimwa tayari."

"Sukari ikiwa nyingi, si ndiyo vizuri zaidi?"

"Hapana. Ikizidi, inakwama utumboni. Humo inavuta maji ya mwili, na mtoto anayaharisha."

Bibi akaimwaga ile chai. "Koroga wewe. Kisha unywe kwanza."

Sekela akakoroga pakiti mpya kwenye lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Akanywa. Bibi naye akaonja.

"Ina chumvi kama machozi," alinung'unika.

"Mpe kidogo kidogo. Akishindwa kunywa au akilegea, tunakwenda kituo cha afya hapo hapo."

Sekela hakuondoka. Alisimama mlangoni, bibi akimnywesha mtoto kijiko kwa kijiko na kumwangalia Sekela kwa pembeni.

Jioni kikombe cha dawa kilikwisha. Lusungu alitaka kingine, akalia. Chozi likateremka shavuni. Bibi alilifuta kwa kidole, akakitazama kile kidole.

Kisha akavuta kiti.

"Kaa, mwanangu. Ndaga, asante. Chai nakupa wewe."