Mikono ya Gauni la Nesi

Kila siku akitoka shule, binti wa fundi cherehani alivua sare, akala, kisha akaketi kumsaidia mama yake. Alikuwa na miaka kumi na miwili na mkono mwepesi wa kupima. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu: hakuweza kukata kitu bila kuuliza, "Eti, sawa?" Nyumba nzima ikaishia kumwita Eti-Sawa.

Mchana mmoja mama yake alikuwa hoi. Wiki nzima alishinda ameinamia cherehani, na mgongo ulikuwa unamuuma vibaya.

"Mwanangu, nimechoka, acha nijinyooshe kidogo," alisema. "Kata mikono ya gauni la nesi. Vipimo vimo daftarini. Analifuata jioni, kesho anaanza kazi."

Daftari lilisema urefu wa mkono ni sentimita ishirini na nne, pindo sentimita tatu. Eti-Sawa akapima kwa rula yake ya shule, akapiga mstari wa chaki kwenye ishirini na saba. Alikuwa amepatia kabisa. Lakini angekataje bila kuuliza?

"Eti, kaka, sawa?"

"Mirefu hiyo," kaka yake alijibu bila hata kuinua macho. "Siku hizi watu wanavaa mifupi."

Akafuta, akapunguza. Jirani aliyekuja kuazima sindano naye akasema ipunguzwe tena. Eti-Sawa akakata mkono wa kwanza, akaupima: kumi na tisa. Kitambaa kilichobaki kilitosha mikono miwili tu.

"Kaka, umeniponza!"

"Mimi nilisema tu. Kwani mimi fundi?"

Akakimbilia chumbani. Mama alikuwa amelala fofofo, tepu ya kupimia ingali shingoni. Swali lilikuwa kwenye ncha ya ulimi, lakini alimhurumia. Akairudia meza, akasoma daftari, akapima mara tatu, akakata. Jasho lilimtoka kama aliyebeba gunia.

Mama alipoamka alikiona kile kipande kifupi, akafumba macho.

"Hicho nilikata kwa maneno ya watu," alisema Eti-Sawa. "Hii miwili nimekata kwa daftari. Nisamehe, mama."

Mama akaipima, akaketi kushona. Jioni nesi alilijaribu gauni, akainua mikono juu, akainama kama anayemnyanyua mgonjwa.

"Halinibani popote," alisema, akaondoka akitabasamu.

Mama akaegemea ukuta. "Usichokijua, uliza, mwanangu. Lakini ukishapima vizuri, usingoje mtu akuruhusu kuamini macho yako. Kazi ikiharibika, wote uliowauliza wataenda zao, utabaki wewe na mkasi." Akapiga mwayo. "Bado suruali ya mwalimu, na mgongo wenyewe ndio huu."

Eti-Sawa naye alikuwa amechoka. Akaitoa tepu shingoni mwa mama yake taratibu.

"Kalale, mama," alisema, akafungua daftari.